SAFARI YA KISIWANI HAIPANGWI KWA MWEZI MWANDAMO

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa nchi kavu na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi wa Ludara, Koboko na Arua, kila Idd inapokaribia tunasikia mipango ile ile. Vijana wamechanga pesa, familia kadhaa zimeungana, basi litaondoka Arua usiku, litapita Nebbi, Pakwach na Karuma hadi Kampala, kisha Mutukula, kisha Dar es Salaam, na Idd pili au tatu watu wawe ndani ya boti kuelekea Zanzibar. Ambao mfuko wao haufiki huko hupanga visiwa vya Ssese kwenye Ziwa Viktoria. Kutembea katika ardhi ya Allah ni jambo jema, na mtoto aliyezaliwa mbali na bahari akiiona hujifunza mengi. Lakini ukiwauliza waandaaji kwa nini wamechagua siku hizo, jibu ni moja: "Si ndiyo Idd?" Ukiwauliza upepo wa mwezi huo ukoje, wanakutazama kama umeuliza bei ya mchanga.

Makala hii inapinga tabia hiyo, na inaipinga bila kuzungusha maneno. Idd ni siku ya ibada, ya kuunganisha udugu na ya furaha. Idd si majira ya bahari. Anayepanga safari ya kisiwani kwa kutazama mwezi mwandamo peke yake, amewapakia watoto wa watu kwenye maji ambayo hajui yako katika hali gani.

MWEZI UNATEMBEA, UPEPO HAUTEMBEI

Kila mtoto wa madrasa anajua kuwa mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani na Idd hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2011 Idd ul-Fitr iliangukia mwisho wa Agosti. Mwaka 2018 ilikuwa katikati ya Juni. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Mwaka 2030, Inshaallah, inatarajiwa mwanzoni mwa Februari. Takbira ni zile zile na pilau ni ile ile, lakini bahari iliyoko kati ya Dar es Salaam na Unguja si ile ile katika zote nne.

Upepo wa Bahari ya Hindi haufuati mwezi, unafuata jua. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo wa joto utokao kaskazini mashariki. Mwisho wa Machi hadi Mei huja masika, mvua kubwa, na upepo unageuka. Kisha kusi inashika nchi hadi Septemba, na makali yake yako Juni, Julai na Agosti. Oktoba na Novemba upepo hulegea, watu wa pwani huuita matlai, na mvua za vuli hupita. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya babu zetu kuzaliwa, na haibadiliki kwa sababu sisi tumefungua Ramadhani.

Basi fanya hesabu mwenyewe. Familia iliyokwenda Idd ul-Fitr ya 2018 ilikwenda ndani ya kusi. Itakayokwenda Idd ul-Fitr ya 2030 itakwenda ndani ya kaskazi. Idd ul-Adha nayo, ambayo mwaka 2025 ilikuwa mwanzo wa Juni, inarudi nyuma kuelekea Mei na Aprili, ndani ya masika yenyewe. Mtu aliyewahi kwenda mwaka mmoja akarudi salama, kisha akasema "Idd bahari huwa tulivu", hajui anachokisema. Alikutana na mwezi mmoja wa mwaka mmoja.

Tuiache bahari, tuje kwetu. Mkulima wa Ludara hapandi karanga kwa sababu Idd imekaribia. Anangoja mvua. Idd ikiangukia Januari, ardhi ikiwa kavu na vumbi linaruka, hakuna mzee atakayemwambia mwanawe achukue mbegu aende shambani kwa kuwa ni siku ya baraka. Atasema: siku ni ya baraka, lakini mvua bado. Kwa nini basi akili hiyo tunaitumia kwa debe la karanga na hatuitumii kwa roho za watoto?

WAISLAMU WA PWANI WALIKUWA NA KALENDA MBILI

Kuna watakaosema kuwa kuangalia miezi ya jua ni kuiga wasio Waislamu. Hoja hii inaonyesha kutoijua historia yetu wenyewe. Waswahili wa Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba ni Waislamu wa karne nyingi, na walikuwa wakihesabu miaka miwili kwa pamoja. Wa kwanza ni mwaka wa Hijria, kwa ajili ya saumu, hija, zaka na eda. Wa pili ni mwaka wa jua wenye siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Huo ulikuwa wa wakulima na manahodha. Hadi leo watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, na asili yake ni siku hiyo ya mwaka mpya wa Nairuzi.

Walihitaji mwaka wa pili kwa sababu walijua kuwa mwezi mwandamo hauwezi kumwambia nahodha lini atweke tanga. Majahazi kutoka Oman, Hadhramaut na Ghuba yalikuja Afrika Mashariki kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kusi ilipokuwa kali, manahodha walivuta vyombo pwani, wakaviparura na kuvitia mafuta, wakangoja. Watu hawa walikuwa wakiswali jamaa, wakifunga na wakisoma maulidi. Ucha Mungu wao haukuwafanya wasahau upepo.

Na si wao tu. Katika Qur'an kuna Sura ya Quraysh, ambayo watoto wetu wanaihifadhi wakiwa wadogo kabisa, na ndani yake Allah (S.W.) anataja safari mbili za Maquraysh, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Wafasiri wanaeleza kuwa ya baridi ilikuwa ya kwenda Yemen na ya joto ilikuwa ya kwenda Sham. Wafanyabiashara wale walikuwa na miezi mitukufu, lakini misafara yao waliipanga kwa hali ya hewa. Tunaisoma sura hii katika swala zetu na hatujiulizi inatufundisha nini.

Hata bahari ya Mediterania, ambayo kwenye televisheni inaonekana kama beseni la maji ya buluu, ina msimu wake. Tangu zama za kale mabaharia wa huko walikuwa wakipunguza sana safari za mbali katika miezi ya baridi, tangu Novemba hadi Machi. Na tukumbuke kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alikataa kumruhusu Muawiya kuwavusha Waislamu baharini kwenda kupigana, kwa kuwahofia roho zao. Ruhusa ya kwenda Kisiwa cha Cyprus ilipatikana wakati wa Sayyidna Uthman (R.A.), mwaka wa 28 Hijria, nayo wapokezi wanasema ilikuja na sharti kuwa asilazimishwe mtu. Hao walikuwa wakienda katika njia ya Allah, na bado kiongozi aliyahesabu maji. Sisi tunakwenda kula urojo Forodhani, na hatuhesabu chochote.

TULIYOYAONA

Ndugu zangu, haya si maneno ya kutisha watoto. Ni mambo yaliyotokea, na tarehe zake zipo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa siku kumi hivi baada ya Idd ul-Fitr, watu wengi wakirudi makwao baada ya mapumziko ya Idd. Meli iliyoruhusiwa kubeba watu wasiofikia 700 ilibeba zaidi ya maradufu ya hao. Waliokufa na kupotea ni mamia kwa mamia, na tume iliyoundwa baadaye ilitoa hesabu inayozidi watu 1,500. Nyumba za Pemba zilizopika maandazi ya Idd wiki moja kabla, zilipika chakula cha msiba.

Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit ilipinduka ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, karibu na Kisiwa cha Chumbe. Tazama mwezi: Julai. Ilikuwa ndani ya kusi, na upepo siku hiyo ulikuwa mkali. Tena chombo chenyewe kilijengwa kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington kule Marekani, kisha kikaletwa kwenye bahari ya kusi. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Kwetu Uganda, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama Ziwa Viktoria upande wa Mukono. Ilikuwa jioni, hali ya hewa ilikuwa mbaya na abiria walizidi kiasi. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwa wametoka kustarehe tu. Na tarehe 25 Desemba 2016, kwenye Ziwa Albert, ambalo ndugu zetu wa Panyimur wanaliona kila siku, boti iliyobeba wachezaji mpira na mashabiki wao ilipinduka, wakafa takriban watu 30. Siku hiyo maji hayakuwa hata na mawimbi makubwa. Boti ilijaa kupita kiasi, kwa sababu ilikuwa sikukuu.

Hili la mwisho lizingatieni. Sikukuu ina hatari ya peke yake hata maji yakiwa matulivu, nayo ni msongamano. Mwenye boti anataka faida ya siku moja katika mwaka, abiria hataki kubaki, na mkaguzi naye yuko nyumbani na wanawe. Sasa chukua msongamano wa sikukuu, uchanganye na upepo wa kusi au mvua ya masika, kisha uniambie ni wapi penye busara hapo.

"NI QADAR YA ALLAH"

Tunajua jibu litakalotoka barazani: kifo kina siku yake, na aliyeandikiwa kufa majini atafia majini. Ni kweli, hakuna Muislamu anayekataa qadar. Lakini qadar ni imani ya kumtuliza aliyefikwa na msiba, si kibali cha kumtengenezea mwenzako msiba. Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha qadar ndiye aliyemwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Na ipo hadithi katika Musnad ya Imam Ahmad na katika Al-Adab Al-Mufrad ya Imam Bukhari, ambayo maana yake ni kuwa mtu anayepanda bahari wakati imechafuka, akaangamia, basi dhima imemwondokea. Isomwe tena na kila anayekusanya pesa za safari. Bahari hiyo hiyo ni halali katika wakati wake, na katika wakati mwingine mpandaji wake amejitoa mwenyewe kwenye dhima. Kwa hiyo suala la majira ni suala la dini.

Wengine husema aliyezama ni shahidi. Naam, imepokewa kuwa aliyekufa maji yumo katika mashahidi. Hiyo ni rehema ya Allah kwa aliyefikwa. Si tangazo la biashara. Baba aliyempandisha binti yake kwenye boti iliyojaa, mwezi wa Julai, hatoweza kusimama mbele ya Mola wake na kusema alikuwa akimtafutia ushahidi.

Wapo pia wenye hoja ya kitabu cha watalii. Wanasema: vitabu vyote vinasema Juni hadi Oktoba ndiyo wakati mzuri wa Zanzibar. Ni kweli vinasema hivyo, na kuhusu mvua havikosei, kwani miezi hiyo ni mikavu na baridi yake ni ya kupendeza. Lakini tazama kimeandikiwa nani. Kimeandikiwa mtu anayeshuka kwa ndege uwanjani Unguja na kulala kando ya ufuo. Huyo kusi kwake ni ubaridi wa barazani. Wewe umetoka Koboko kwa basi siku mbili tatu, una mama mjamzito, una mtoto wa miaka 4, na bahari yako ni ile ya kati ya Dar es Salaam na Malindi, saa mbili za kutapika ukiwa na bahati. Kitabu chake si kitabu chako.

Na wapo wasemao: likizo ya Idd ndiyo nafasi pekee. Hili nalo si kweli. Watoto wetu wa shule wana likizo ndefu ya Desemba na Januari. Idd yenyewe ina kazi zake ambazo tunazikimbia: kuzuru wazazi, kuwatazama wagonjwa, kula na mayatima, kuwafuata jamaa wa Yumbe na wa ng'ambo ya mpaka. Mtu anawaacha wazazi wake Ludara siku ya Idd ili akapige picha baharini, kisha anaita hiyo kusherehekea Idd!

BASI TWENDE LINI?

Kwa Zanzibar, kwa msafiri wa basi na boti kutoka huku kwetu, wakati wa kuchagua ni kaskazi: Januari na Februari. Mvua za vuli zimepita, masika bado, na kaskazi katika mkondo wa Unguja kwa kawaida haina ukali wa kusi. Wanafunzi wachukue Januari, kwa kuwa bado wako likizo. Msiende wiki ya Krismasi na mwaka mpya, kwa sababu ya msongamano. Na mjue kuwa tarehe 12 Januari ni Sikukuu ya Mapinduzi Zanzibar, siku hizo nazo boti hujaa. Likizo ya Agosti ina kusi na likizo ya Mei ina masika. Hizo mbili ziacheni kwa safari za nchi kavu.

Idd ikiangukia Januari au Februari, kama itakavyokuwa miaka michache ijayo, msiseme sasa tumepata ruhusa. Subirini wiki mbili, umati upungue, ndipo mwende.

Kwa Ssese, mwezi hautoshi, saa nayo ina neno lake. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, ni miezi ya mvua. Dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria huzaliwa usiku, na nyingine hufika ukingoni alfajiri na asubuhi. Kwa hiyo usiondoke mbingu ikiwa nyeusi eti kwa kuwa basi limewahi. Ngoja ifunguke, na uhakikishe utafika kabla ya Magharibi. Njia ya Bukakata kwenda Luku ina maji mafupi kuliko ile ya Entebbe. Ongeza saa za barabarani, punguza saa za majini.

Na kwa kila mwandaaji wa safari, awe imamu, mwalimu wa madrasa au kiongozi wa wanafunzi, tunataka mambo manne. Kwanza, tangazo liseme upepo wa mwezi huo, kama linavyosema nauli. Pili, ratiba iwe na siku moja ya akiba, ili bahari ikichafuka watu walale Dar es Salaam bila kugombana. Tatu, iandikwe mapema kuwa asiyetaka kupanda siku ya upepo anarudishiwa pesa yake ya boti na hatachekwa. Nne, watu wahesabiwe, jaketi za kuokolea za saizi ya watoto zionekane kwa macho, na boti ya usiku isipandwe kabisa. Mwandaaji asiyeweza manne haya arudishe michango ya watu.

Wazee wetu walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi wa West Nile ni watu wa mito na milima, bahari hatukukulia. Hilo si aibu. Aibu ni mtu asiyeijua bahari kukataa kuwauliza wanaoijua, akafuata tarehe iliyobandikwa ukutani mwa msikiti kwa ajili ya swala.

Mzazi utakayeletewa fomu ya safari ya Idd, kabla hujaisaini uliza swali moja tu mbele ya watu: siku hiyo ni kaskazi au kusi? Wakishindwa kujibu, mwanao abaki nyumbani, aende kumpa bibi yake mkono wa Idd. Bahari itakuwepo Januari.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu wote waliokufa maji, awape subira jamaa zao, na awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini. Amin.

Wabillahi tawfiq.